Marrakech hadi Ouarzazate kwa siku moja: studio za filamu, ngome ya Aït Benhaddou, na saa zako zinapopotelea

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Swali la safari ya siku moja huko Moroko, kutoka Marrakech kwenda studio za filamu za Ouarzazate linarudi kila mara, na majibu huwa mawili: "nenda, ni nzuri mno" na "utashinda kwenye gari, achana nayo". Wote wanasema kweli. Shida ni kwamba watu wanainunua safari hii kwa kuhesabu vituo badala ya kuhesabu saa. Mimi nimeifanya nikiwa na kundi dogo, na kwa maoni yangu inalipa, ila kwa mpangilio wa kinyume na ule unaouzwa na kampuni nyingi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza barabara, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Kati ya Marrakech na Ouarzazate kuna milima ya Atlas. Njia kuu ni moja, barabara ya N9, kama kilomita 200, inapanda hadi mita 2,260 pale kwenye kipito cha mlima cha Tizi n'Tichka halafu inateremka upande wa jangwani. Kilomita 200 ukizisoma kwenye ramani unacheka. Kwa kona zile ni karibu saa nne, kwenda na kurudi saa nane. Ukitoka saa moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, umebakiwa na saa tano za kugawa kati ya ngome, studio, chakula, mji wenyewe, na yale maduka ambayo hukuyaomba.

Ndiyo maana ukubwa wa kundi si anasa. Wengi wanafikiri unalipia nafasi ya kunyoosha miguu. Hapana, unalipia muda. Basi kubwa likisimama ili watu waende chooni, hiyo ni nusu saa, na bado kuna mmoja atarudi kutafuta kofia. Kundi la watu wanane wanamaliza kwa dakika kumi. Jumlisha vituo vya siku nzima uone: umepata muda wa kupanda hadi juu ya ngome badala ya kuitazama ukiwa ng'ambo ya mto. Ila "kundi dogo" kwenye tangazo linaweza kuwa watu 8 na linaweza kuwa watu 17. Uliza gari lina viti vingapi kabla hujatoa hela.

Sasa vituo vyenyewe. Atlas Studios ilianzishwa mwaka 1983 na mfanyabiashara wa Kimoroko, Mohamed Belghmi, na iko kama kilomita tano kabla ya kuingia Ouarzazate. Getini unapokelewa na masanamu makubwa ya Kifarao. Ndani kuna hekalu la Misri lililobaki kutoka ile filamu ya Kifaransa ya Asterix na Cleopatra ya 2002, kuna monasteri ya Kitibeti iliyojengwa kwa ajili ya filamu ya Kundun ya 1997, na kuna ndege ya kivita ya bandia kutoka The Jewel of the Nile ya 1985. Gonga nguzo ya "jiwe" usikie ilivyo tupu. Zunguka nyuma ya hekalu: mabomba ya jukwaa, plaiwudi, jasi, misumari imechungulia. Mimi nyuma ndiko kulikonifurahisha zaidi kuliko mbele.

Aït Benhaddou ni habari nyingine. Ni kijiji chenye ngome, kuta za udongo wa kushindilia na matofali mabichi, kilichokaa kwenye njia ya misafara iliyounganisha Sahara na Marrakech. UNESCO walikiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Wakazi wengi walishahamia kijiji kipya ng'ambo ya mto, lakini zipo familia chache bado zinaishi ndani. Juu kabisa ya kilima kuna ghala la zamani la nafaka, na ukifika hapo unaona bonde lote.

Hoja yangu ni hii: anzeni na studio, ngome iwe ya mwisho. Kampuni nyingi hufanya kinyume, kwa sababu ukitoka Marrakech njia ya kuchepukia Aït Benhaddou unakutana nayo kwanza, kabla ya kufika Ouarzazate. Kwa hiyo magari yote yanamwaga watu pale kati ya saa nne na nusu na saa sita, vichochoro vinaziba, jua linapanda utosini, picha zote zinatoka nyeupe. Ukipitiliza ukaenda studio kwanza, ukala Ouarzazate, ukarudi ngomeni saa tisa alasiri, msongamano umepungua na kuta zimeanza kushika rangi. Faida kubwa zaidi ni ya macho: ukishaona jasi na plaiwudi asubuhi, alasiri unaujua ukuta wa kweli kwa kuugusa tu. Na unaanza kushtukia ujanja, maana hata pale ngomeni kuna lango upande wa mto lililojengwa kwa ajili ya The Jewel of the Nile likaachwa. Watu wanapiga nalo picha wakidhani ni la karne na karne.

Karibuni kwa maswali, na kwa kupinga pia.

Kidagaa

Picha ziko wapi mkuu? Maneno yote haya bila picha!

Mleta mada

Zinakuja mkuu, mtandao unanigomea kupakia.

FundiTaa

Mleta mada, kuhusu mwanga naunga mkono. Mimi ni mtu wa taa kwenye filamu, na kule tunaenda kwa sababu hiyo hiyo. Ila naomba niongeze kitu, maana watu wanatoka pale studio wakisema "kumbe feki tu" kana kwamba wametapeliwa.

Seti inajengwa kwa ajili ya kamera, haijengwi kwa ajili ya mtalii. Upande ambao kamera haiuoni haujengwi, na huo si uzembe, ni hesabu. Anayewapeleka wazalishaji Ouarzazate si yule Farao wa jasi pale getini. Ni kwamba ukitoka hotelini, ndani ya mwendo mfupi wa gari una jangwa la mawe, una mitende, una mji wa udongo, na nyuma kabisa una mlima wenye theluji. Pili, kuna mafundi. Miaka yote hiyo ya filamu imezaa maseremala, wapaka rangi, washonaji, watu wa farasi na ngamia, na watu wa mjini wanaojua kusimama kama umati wa sokoni wa karne yoyote utakayotaka. Tatu ni hela: tangu 2018 serikali ya Moroko inawarudishia wazalishaji wa nje sehemu ya walichotumia nchini, ilianza na asilimia 20 na mwaka 2022 ikapandishwa hadi 30.

Na seti hazitupwi. Ile Jerusalem iliyojengwa jangwani karibu na Ouarzazate kwa ajili ya filamu ya Kingdom of Heaven ya 2005, mwongozaji wake Ridley Scott aliirudia mwaka 2023 alipokuwa anapiga Gladiator II. Imepakwa rangi nyingine, ikawa kwingine. Mwambie anayewatembeza pale studio akuonyeshe alama za matengenezo ya namna hiyo, hapo ndipo ziara inanoga.

Jambo la kujihadhari: siku wanayopiga filamu, sehemu fulani zinafungwa na hutapewa maelezo marefu. Waulizeni kabla, siyo mkifika getini.

Dereva Mstaafu

Kijana, umeandika vizuri, lakini huo mpangilio wako wa ngome mwisho usiwape watu bila tahadhari. Nimeendesha magari ya watalii milimani maisha yangu yote ya kazi, na Tichka naijua.

Mwezi wa sita sawa, jua linazama baada ya saa mbili usiku, una mwanga wa kutosha. Desemba jua linazama saa kumi na mbili na ushei. Ukitoka Aït Benhaddou saa kumi na nusu, unafika kipitoni giza linaingia, baridi kali, pengine barafu barabarani, na malori yanashuka kutoka upande wa pili. Kukiwa na theluji barabara inaweza kufungwa kabisa. Kumbuka pia dereva ameamka alfajiri na ameshika usukani siku nzima. Mteja analala, yeye halali.

Kwa hiyo kiangazi fuateni ushauri wa mleta mada. Kipupwe, ngome asubuhi, studio mchana, na magurudumu yaelekee Marrakech kabla ya saa tisa. Dereva akikwambia "tuondoke sasa", ondoka. Picha moja haistahili kubishania.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Hapo nimekuelewa na nakubali: ushauri wangu uwe wa kuanzia Machi hadi Oktoba. Kipupwe wafuate wa kwako. Ingawa hata kipupwe ningependa tufike ngomeni mapema kuliko mabasi, hata ikibidi kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

Dereva Mstaafu

Marahaba. Saa kumi na mbili safi kabisa, tena Marrakech yenyewe bado haijaamka, mnatoka mjini bila foleni.

MamaMapacha

Jamani mimi nina watoto wa miaka saba, na mmoja gari likipiga kona mbili tu anatapika. Niende au nisiende? Msinifiche.

Dereva Mstaafu

Mama Mapacha, huyo mmoja atateseka kweli. Kona ni nyingi kupanda na kushuka. Ukiamua kwenda, omba viti vya mbele, asisome wala asichezee simu, ale kidogo tu kabla ya kuondoka, na dawa ya kichefuchefu apewe mapema kwa ushauri wa mfamasia, siyo akishaanza kugeuka rangi. Na ukodi gari lenu peke yenu, ili kusimama kuwe kwa hiari yenu.

Mleta mada

Naongezea, dada: studio watoto wataipenda kuliko ngome. Kule wanaruhusiwa kukimbia, kuna kiti cha enzi cha kukalia, kuna ndege. Ngomeni ni ngazi, vumbi na kuta ambazo hutaki wazipandie. Ukiona wamechoka, mmoja wenu abaki chini mtoni nao.

Chumvi_Kidogo

Mimi ndiye yule wa "achana nayo". Saa nane kwenye gari kwa saa tano za kutembea, halafu mnaiita mapumziko? Lala Ouarzazate usiku mmoja, au lala pale pale Aït Benhaddou. Asubuhi ngome yote yako kabla magari hayajafika. Unapata pia nafasi ya kupita njia ya zamani kwenye bonde la Ounila hadi Telouet, kwenye jumba la El Glaoui. Huyo bwana ndiye aliyekuwa pasha (gavana) wa Marrakech wakati wa utawala wa Wafaransa na aliyeitawala milima hii. Upande wa nje jumba linaporomoka, ingia ndani uone vigae na dari zilizochongwa. Hakuna safari ya siku moja inayokupa hicho.

Mleta mada

Mkuu, mwenye siku ya ziada akusikilize wewe, sibishi. Lakini wengi wanaouliza humu wana siku tatu au nne Marrakech na hoteli imeshalipiwa. Kwao chaguo siyo siku moja au mbili. Chaguo ni siku moja au kutokwenda kabisa. Na mimi bado nasema waende.

Chumvi_Kidogo

Basi waende, lakini wasije kulia humu kwamba migongo inauma. 😀

Bint_Mlimani

Samahani, swali la hela. Tangazo nililoona limeandika "kila kitu kimejumuishwa" halafu chini kabisa kwa herufi ndogo "isipokuwa viingilio". Ni viingilio gani hivyo? Na hayo maduka mnayoyasema ni yapi?

Mleta mada

Dada, hapo ndipo wanapopigia watu. Kuna mambo manne ya kutenganisha.

Tiketi ya studio mara nyingi haimo kwenye bei. Chakula cha mchana mara nyingi hakimo, na mgahawa anauchagua dereva. Ngome yenyewe kuingia hakuna tiketi ukipita kwenye daraja, lakini kuna wenye nyumba wanaofungua milango yao uone ndani na wanategemea uwape chochote. Hiyo ni haki yao, ni nyumbani kwao. Asiye na nyumba akajisimika mlangoni kudai ada ya kuingia kijijini, mpite kwa salamu.

La nne ni mwongozaji. Kwa kawaida dereva si mwongozaji. Atakuhadithia njiani, lakini mkifika ngomeni mnakabidhiwa kwa mtu wa pale. Waongozaji rasmi Moroko wana kitambulisho cha serikali, mwambie akuonyeshe. Uliza kama malipo yake yamo kwenye bei au mtachangishana. Bakshishi ni hiari yako, ila weka noti ndogo ndogo za dirham mfukoni tangu asubuhi, milimani hutapata chenji. Na usibadilishe nyingi kupita kiasi: kutoka nazo nje ya Moroko mwisho ni dirham 2,000.

Maduka: njiani watawasimamisha kwenye ushirika wa wanawake wa mafuta ya argan. Utaona mama akivunja kokwa kwa mawe na akisaga, na hilo linapendeza kulitazama dakika kumi. Lakini mti wa argan wenyewe kwao ni kusini magharibi, huko Essaouira na Agadir, siyo huku unakopita. Kituo hicho kimewekwa kwa ajili ya mauzo, na pengine dereva ana kamisheni yake. Kundi dogo mkikubaliana wote, mwambieni kwa upole asisimame. Sisi tulifanya hivyo asubuhi kabla gari halijawaka, na hakukasirika.

FundiTaa

Naongeza kwenye hela: yule mwongozaji wa studio, wengi wao wamewahi kuigiza kama watu wa ziada kwenye hizo hizo filamu. Mpe bakshishi nzuri umuulize siku ya kazi inakuwaje. Mimi niliyoyasikia kwao kuhusu kukaa juani na kofia ya chuma tangu alfajiri yalinipendeza kuliko maelezo ya seti zote.

Kidagaa

Nina droni ndogo, haifiki hata robo kilo. Ngomeni si itatoa picha kali?

FundiTaa

Iache nyumbani. Moroko huruhusiwi kuingiza droni bila kibali, forodha wanaichukua uwanja wa ndege, na udogo wake hautakusaidia. Hata kampuni za filamu zinaomba kibali.

Ustadh_Msafiri

Assalaam alaykum. Swala mlipangaje? Na Ramadhani inafaa?

Mleta mada

Wa alaykumu salaam ustadh. Mchana tulisimama Ouarzazate, wenye kuswali tukaingia msikitini karibu na kasba (ngome ya zamani) ya Taourirt tukakusanya Adhuhuri na Alasiri, wengine wakaitembelea kasba. Ilitosha kabisa. Ramadhani kuna jambo la kujua: Moroko mwaka mzima saa zao ziko mbele ya GMT kwa saa moja, lakini Ramadhani wanazirudisha nyuma. Kwa hiyo jua linazama mapema kwa saa ya mkononi, na dereva aliyefunga anataka afike kufuturu. Safari inabanwa. Ukiweza, chagua mwezi mwingine, au lala huko kama anavyosema Chumvi.

Bint_Mlimani

Na tetemeko la 2023? Nilisikia ngome imebomoka.

Dereva Mstaafu

Tetemeko lile la tarehe 8 Septemba 2023 lilikuwa la 6.8, na karibu watu 3,000 walipoteza maisha, wengi vijijini milimani. Aït Benhaddou iliumia, kuta zikapasuka na baadhi ya sehemu zikaanguka, lakini ngome haikumalizika, watu wanaitembelea. Nyumba ya udongo ndivyo ilivyo hata bila tetemeko: mvua ikinyesha inakula ukuta, mwenyewe lazima akande tope na majani makavu aipake upya. Ikiachwa misimu michache inarudi kuwa kilima. Kwa hiyo mkiona fundi anapaka, msimwambie asogee ili mpige picha. Na mkikuta kamba, msivuke.

Chumvi_Kidogo

Hapo mzee umesema. Wanaopanda juu ya kuta ili wapige picha ya "Yunkai", mji wa kubuni wa tamthilia ya Game of Thrones, ndio wanaonikera. Tena yale mapiramidi waliyoyaona kwenye tamthilia yaliongezwa kwenye kompyuta, hayapo pale, na bado wanamuuliza mwongozaji yako wapi.

MamaMapacha

😂😂 Mimi nilikuwa niulize hilo hilo.

Bint_Mlimani

Sawa wakuu, naenda mwezi wa tano. Nataka kuwaandikia kampuni leo. Niulize nini hasa, bila kuonekana msumbufu?

Mleta mada

Andika hivi tu: "Gari lina viti vingapi na mnaondoka saa ngapi? Tiketi ya studio na mwongozaji wa ngomeni vimo kwenye bei? Tunaomba tuanze na studio, ngome tuifikie saa tisa alasiri tukae saa moja na nusu. Tunaomba kituo cha argan kisiwepo." Mtu anayeendesha safari hizi kweli anajibu maswali hayo kwa dakika mbili.

Bint_Mlimani

Wamejibu. Viti vinane, kuondoka saa moja kasorobo, studio najilipia mwenyewe, mwongozaji yumo. Mpangilio wa kugeuza wamesema wanakubali kama abiria wengine wanakubali, na argan wataulizana asubuhi ile. Nilipe kianzio?

Dereva Mstaafu

Lipa, binti. Na mwezi wa tano beba sweta, mchana huko chini ni joto lakini Tichka asubuhi inang'ata.

Kidagaa

Mleta mada, picha bado?